Uzi: Hasira za barabarani ugenini, na kwa nini mgeni huzilipia zaidi

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaendesha gari kwa kazi katika Falme za Kiarabu, hasa kati ya Dubai, Sharjah na Abu Dhabi. Uzi huu nawaandikia Watanzania, Wakenya na Waganda wanaokuja huku kufanya kazi ya teksi, ya magari ya mizigo, ya udereva wa nyumbani au ya pikipiki za kupeleka vyakula. Mambo ya leseni na mishahara yamejadiliwa vya kutosha humu. Ninachotaka tukijadili ni ugomvi wa barabarani: unaanzaje, kwa nini dereva mzuri aliyetoka kwetu huonekana mchokozi huku bila mwenyewe kujua, na kwa nini mgeni akipandwa na hasira akiwa kwenye usukani anaweza kupoteza kazi, ukaazi na akiba yake kwa jambo ambalo nyumbani lingeishia kwenye matusi mawili na kila mtu kushika njia yake.

Hasira nyingi ninazoziona huku huanzia kwenye taa, honi na mkono, kwa sababu ishara moja husomwa kwa namna mbili na watu wawili waliojifunza udereva katika nchi mbili. Ikumbukwe kwamba karibu watu tisa kati ya kumi wanaoishi katika nchi hii ni wageni. Anayekupigia honi nyuma yako huenda ametoka Pakistan, Misri, Ufilipino au India, ambako malori mengi yameandikwa nyuma maneno ya kumwomba anayefuata apige honi kabla ya kupita. Kila mmoja amekuja na barabara ya kwao kichwani, na sote tumewekwa kwenye lami moja tukienda kilomita 110 kwa saa.

Nianze na upande wa barabara. Kila anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda anajua kwamba sisi tunaendesha kushoto na huku wanaendesha kulia, na siku za mwanzo anakuwa macho sana. Taabu huja baadaye, akishatulia. Kwetu dereva mwenye staha ambaye hana haraka hukaa kushoto, na upande wa kulia huachiwa anayelipita gari jingine. Mazoea hayo yanakaa mwilini kwa miaka. Huku mambo yamegeuka, njia ya kushoto kabisa ndiyo ya kasi. Kwa hiyo yule yule dereva wetu mwangalifu, tena kwa sababu ya uangalifu wake, anajikuta amekaa kushoto kwenye barabara ya njia sita, mwendo wa kilomita 90, moyo umetulia, kumbe ameketi kizingitini pa nyumba ya watu.

Kinachofuata wengi wetu tumekiona. Kwenye barabara ya E311, jioni watu wanaporudi Sharjah na foleni ikiwa imefunguka kidogo, unaona taa mbili ndogo kwa mbali kwenye kioo cha ndani. Ukitazama tena zimejaza kioo kizima. Huoni namba za gari wala bampa, unaona boneti nyeupe ya gari kubwa na kivuli cha mtu aliyeshika usukani kwa mkono mmoja. Taa kubwa zinawaka na kuzima mara mbili, mara tatu. Kisha indiketa yake ya kushoto inaanza kupepesa, ingawa kushoto kwake hakuna njia nyingine, upo ukingo wa chuma peke yake. Anakuambia uhame. Dereva wa kwetu, ambaye kwake taa ya aina hiyo ni ukorofi mtupu, hufanya moja kati ya mambo mawili yaliyo mabaya sawasawa: hukanyaga breki kidogo ili kumtia adabu aliye nyuma, au huendelea na mwendo wake ule ule kwa ukaidi, akisema moyoni kwamba barabara si ya baba yake mtu.

Sheria ya huku inawaona wote wawili wana kosa. Anayemfuata mwenzake kwa karibu mno hutozwa faini ya dirhamu 400 na pointi nyeusi 4, yaani alama za makosa zinazohesabiwa kwenye leseni. Anayekaa njia ya kushoto na kukataa kumpisha anayekuja kwa kasi zaidi kutoka nyuma naye hutozwa dirhamu 400. Ndiyo maana nawasihi wanaokuja wasitumie muda kufikiri nani ana haki katika tukio kama hilo. Washa indiketa ya kulia, tazama kioo cha pembeni, geuza shingo uhakikishe, hama. Mwenye mbio atakutana na kamera mwenyewe.

Jambo la pili ni taa hiyo hiyo ikiwashwa kwenye makutano. Dar es Salaam ukiwa unatoka barabara ya mtaani unataka kuingia barabara kuu, dereva aliye kwenye foleni akikuwashia taa mara moja amekuruhusu: unaingia, unainua mkono wa shukrani, mambo yamekwisha. Huku, mara nyingi, anayekuwashia taa anakuambia kwamba yeye anakuja, usithubutu kuingia. Tofauti hiyo ni ya kuumiza watu, kwa sababu mmoja anaingia kwa moyo mweupe akidhani amepewa njia na mwingine anaongeza mwendo akidhani ameeleweka. Wakigongana, kila mmoja atashuka akiwa na uhakika kamili kwamba mwenzake ni mwendawazimu.

Indiketa nayo ina mambo yake. Wenzetu waliozoea malori ya masafa marefu, kwa mfano njia ya Dar kwenda Tunduma, wanajua kwamba lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia linamwambia aliye nyuma asipite kwa kuwa kuna gari linakuja, na likiwasha ya kushoto linamwambia njia ni nyeupe. Ni msaada mkubwa kwenye barabara zetu na umeokoa watu wengi. Huku usiufanye kabisa. Indiketa inasomwa kwamba unahama, na walio nyuma watapanga mwendo wao kwa kuamini hivyo.

Tena kuna jambo linalowapata karibu wote wanapoanza. Magari yetu mengi ni ya Kijapani yenye usukani kulia, na kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia. Kwenye magari ya huku kijiti hicho kiko kushoto, na kulia ndiko kwenye waipa. Dereva mpya anataka kuhama njia, anavuta kijiti kwa haraka, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu, naye ameshaingia njia ya mwenzake bila ishara yoyote. Aliye nyuma hajui kwamba umewasha waipa kwa bahati mbaya. Anachojua ni kwamba umemchomekea, na kuchomekewa ndiko kunakowasha hasira kuliko jambo lolote jingine barabarani, huku kama kwetu.

Honi isiwe ya kusalimiana wala ya kushukuru. Kuipiga kwa namna inayosumbua watu ni dirhamu 400 na pointi 4.

Sasa nije kwenye mkono na mdomo, kwa kuwa hapo ndipo mgeni anapoumia. Katika nchi hii tusi ni kosa la jinai. Kidole cha kati kilichoinuliwa ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa ni tusi, hata kama hakikuandamana na neno. Mwenzetu mmoja kutoka Kenya, aliyekuwa akiendesha gari dogo la kusambaza nguo za dobi, alichomekewa karibu na daraja, akainua kidole na kuendelea na safari. Hakusimama, hakushuka, hakusema kitu. Aliyekionyeshwa alishika namba za gari, akaenda kituo cha polisi, na mwenzetu akapigiwa simu na mwajiri wake aende kuhojiwa. Siku zile alizokuwa akingojea hazikuwa na mshahara. Aliokolewa na mlalamikaji mwenyewe, ambaye baada ya kuombwa radhi ana kwa ana na kuona sura ya mtu aliyetishika, alikubali kusamehe kwa maandishi. Katika mashauri ya namna hiyo msamaha wa aliyetukanwa una uzito mkubwa, ila haununuliwi wala hauhakikishwi. Asiposamehe, shauri linaweza kufika mahakamani, na kwa mgeni mahakama inaweza kuongeza amri ya kuondolewa nchini juu ya faini au kifungo. Shauri likiwa halijaisha, mara nyingi huwezi hata kusafiri kwenda kuzika mzazi.

Wengine hudhani wataponea kwenye simu: wamrekodi mkorofi, waiweke video mtandaoni, watu wamwone. Msifanye hivyo huku. Sheria ya makosa ya mtandaoni inalinda faragha ya mtu, na aliyeanza kama mlalamikaji anaweza kumaliza kama mshtakiwa. Njia iliyopo ni kutoa taarifa polisi. Programu ya Polisi wa Dubai ina huduma maalumu ya raia kuripoti madereva hatari, na namba 901 ipo kwa mambo yasiyo ya dharura.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mwenyeji naye hutozwa faini hizo hizo? Ni kweli, kiwango ni kimoja kwa wote. Lakini fikirini pointi nyeusi zikifika 24 leseni inasimamishwa, na kupita taa nyekundu peke yake ni dirhamu 1,000, pointi 12 na gari kuzuiliwa siku 30. Mtu wa ofisini akisimamishiwa leseni atapanda metro. Dereva akisimamishiwa leseni hana kazi, na asiye na kazi hana ukaazi, kwa kuwa viza yake imefungwa kwenye ajira hiyo. Zipo kampuni zinazokata faini moja kwa moja kwenye mshahara, na nimeona karatasi za mshahara ambazo baada ya makato hazikubakiza hela ya kutuma nyumbani. Leseni yenyewe aliipata kwa mtihani wa huku, pengine kwa mkopo, kwa sababu leseni zetu za Afrika Mashariki hazibadilishwi kwa kupeleka karatasi dirishani. Mgeni anakasirika akiwa amebeba watu wengi mgongoni.

Naomba wenzetu walioko nchi nyingine waongeze ya huko.

Mchangiaji, Maskati

Ahsante sana ndugu yangu kwa uzi wenye manufaa. Nakubaliana na mengi, ila kuhusu taa nadhani umeirahisisha. Hapa Oman taa hiyo hiyo moja ina maana kadhaa ndani ya nchi moja, na watu wanaelewana, kwa hiyo anayekuja asijifunze kwamba kwetu ni hivi na kwa Waarabu ni vile. Ajifunze kutazama taa inatoka wapi. Ikitoka nyuma kwenye njia ya kushoto, unaombwa upishe. Ikitoka kwenye makutano, anayewasha anakuambia anapita. Ikitoka mbele, kwenye barabara ya jangwani ambako gari linalokuja kinyume nawe halina cha kukudai, basi punguza mwendo mara moja, kwani mara nyingi unaonywa kwamba kuna ngamia barabarani. Ngamia mweusi usiku huonekana ukiwa umeshamfikia, na akigongwa huangukia kwenye kioo cha mbele kwa sababu ya urefu wa miguu yake. Aliyewashiwa taa akajibu kwa honi ya hasira amemtukana mtu aliyetaka kumwokoa.

Barabara ya kutoka Maskati hadi Salalah ni ya kilomita zipatazo 1,000, na sehemu kubwa ya kusini ya mji wa Adam kwa miaka mingi ilikuwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Msimu wa harifu, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, milima ya Dhofar iliyo karibu na Salalah inapokuwa na ukungu na manyunyu, familia kutoka nchi zote za Ghuba huifuata baridi ile kwa magari. Hapo ndipo utakapoona hasira halisi: watu wamechoka, watoto wanalia, lori liko mbele, na mtu anaamua kupita pasipopitika huku akimtegemea anayekuja ajitupe pembeni. Hilo si suala la ishara kusomwa vibaya. Yule anajua anachofanya. Kwa hiyo, ndugu mleta uzi, nakuomba usiwatetee wote. Wapo wanaotumia ukubwa wa gari kuwatisha wenzao, na mgeni ana haki ya kusema kwamba ametishwa.

La mwisho ni la mikono. Kuna ishara ya kukusanya ncha za vidole vyote vitano pamoja, zikitazama juu, na kuupandisha na kuushusha mkono taratibu. Vijana wanaotoka nyumbani wakioneshwa hiyo kwenye dirisha la gari hudhani wametukanwa. Anayekuonyesha anakuambia subiri kidogo, vuta subira, basi. Nawe ukikosea, weka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Wazee wetu waliorudi huku kutoka Unguja baada ya 1964 walitufundisha hivyo tulipoanza kuendesha, na sijawahi kuona mtu akiendelea kugomba baada ya kuoneshwa kiganja kifuani.

Mchangiaji, Stuttgart

Salaam kwenu nyote. Mimi ni dada niliyeolewa Ujerumani, na ninaendesha kila siku kwenda kazini katika nyumba ya kulelea wazee. Ya huku yanafanana na yenu kwa upande wa sheria, ila sura ya hasira ni nyingine.

Watu wa nyumbani wamesikia kwamba barabara kuu za Ujerumani hazina kikomo cha mwendo, wakadhani ni za kila mtu na lake. Ni kweli kwamba sehemu nyingi hazina kikomo cha lazima, upo mwendo unaopendekezwa wa kilomita 130 kwa saa. Lakini utaratibu wake ni mkali kuliko barabara yoyote niliyowahi kuendesha. Unakaa kulia, unapita kushoto, unarudi kulia. Kumpita mtu kwa upande wa kulia nje ya mji ni faini ya euro 100 na pointi moja. Umbali kutoka gari la mbele unahesabiwa kuwa nusu ya mwendo wako kwa mita, yaani ukiwa kilomita 130 unatakiwa kuacha kama mita 65, na kamera zinazopima umbali huo huwekwa juu ya madaraja. Kuwasha taa kwa kifupi nje ya mji ili kumjulisha wa mbele kwamba unataka kupita kunaruhusiwa na sheria. Kumganda mtu nyuma huku ukimmulika mfululizo kunaweza kushtakiwa kuwa ni kumlazimisha kwa vitisho, kosa la jinai ambalo kifungo chake kinafika hadi miaka mitatu.

Tusi nalo ni jinai, na huku si kidole cha kati peke yake. Kujigonga paji la uso kwa kidole ili kumwambia mtu kwamba hana akili, au kupunga kiganja mbele ya uso wako mwenyewe kwa maana hiyo hiyo, ni tusi. Faini hukadiriwa kwa viwango vya siku, kulingana na kipato cha mtu. Wageni wanaofikiria uraia wazingatie hili: adhabu ya faini isiyozidi viwango 90 vya siku kwa kawaida haimzuii mtu kupata uraia, lakini ikizidi hapo inaweza kumfungia mlango. Sitaki kuona mtu aliyejifunza Kijerumani kwa taabu hadi akafaulu mtihani akikwama kwa sababu ya magomvi ya kwenye taa.

Kuna mambo mawili ambayo hapa humkasirisha mgeni bila haki, na ningependa tuyajue mapema. La kwanza ni njia mbili zinapoungana kuwa moja kwa sababu ya ujenzi. Kwetu anayeendelea mbele hadi mwisho wa njia inayokufa ndipo aombe kuingia, tunamwona mjanja anayechomekea, na tunambana asipite. Huku hivyo ndivyo sheria inavyotaka: magari yaende hadi mwisho, kisha yaingie moja moja kwa zamu. Niliona mara nyingi watu wetu wakiacha njia nzima tupu ikiwa bado ndefu, na wakiwafokea wanaoitumia, ilhali wanaofokewa ndio walio sawa.

La pili ni foleni. Kwetu kila nafasi iliyo wazi hujazwa, na bodaboda hujaza iliyobaki. Hapa magari yanapoanza kusimama kwenye barabara kuu, walio njia ya kushoto kabisa husogea kushoto na wengine wote kulia, ili katikati ibaki njia ya gari la wagonjwa. Hufanywa kabla hata king'ora hakijasikika. Asiyefanya hutozwa euro 200, pointi mbili, na kuzuiwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Ukiona mzee wa Kijerumani anakugongea kioo kwa hasira kwenye foleni, tazama gari lako limekaa wapi kabla hujamjibu. Huenda mtu yuko ndani ya gari la wagonjwa huko nyuma.

Mchangiaji, Texas

Nitachangia kwa ufupi kwa sababu niko mapumziko ya safari. Ninaendesha lori la masafa marefu, kama Wakenya wengi walioko Marekani.

Huku jambo lililo juu ya yote ni bunduki. Katika kiangazi cha 1987 watu walipigana risasi kwenye barabara kuu za Los Angeles kwa sababu ya ugomvi wa udereva, na tangu wakati huo taifa hili linalijua tatizo hilo kwa jina la hasira za barabarani. Halijaisha. Hapa Texas bunduki kuwemo ndani ya gari ni jambo la kawaida na halali kwa watu wengi. Kwa hiyo usishuke kwenye gari kumwendea mtu, hata kama umegongwa na una haki yote, ikiwa mwenzako anapiga kelele. Funga milango, piga 911, kaa. Akikufuata, usiende nyumbani kwako, nenda kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye watu.

Polisi akikuwashia taa, nyumbani tumezoea kushuka na kumfuata trafiki ili tuongee vizuri, na kushuka huko ni heshima. Huku kunasomwa kuwa ni shari. Simama pembeni, bakia ndani, weka mikono juu ya usukani ionekane, na usiingize mkono kwenye mkoba au sanduku la mbele kabla hujaambiwa. Mwambie kwanza leseni iko wapi.

Na basi la shule la njano likisimama na taa zake nyekundu zikiwaka, simama. Watu wapole kabisa hukasirika wakiona mtu analipita, na mimi niko upande wao.

Mchangiaji, Nairobi

Nashukuru kwa maelezo yenu. Ndugu yangu mdogo anaondoka kwenda Abu Dhabi, amepata kazi ya udereva wa familia moja. Nina swali na nina lalamiko. Lalamiko ni kwamba uzi wote unamwambia mgeni anyamaze, apishe, aweke kiganja kifuani. Je, hana haki yake? Swali ni hili: kabla hajapanda ndege, afanye nini ili asianze vibaya?

Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, lalamiko lako ni la haki na sitalikwepa. Ndugu yetu wa Maskati ameshanisahihisha kwamba wapo wanaotisha watu kwa makusudi, na nakubaliana naye. Mgeni ana haki kamili, na haki hiyo inapatikana kwa polisi. Ripoti kupitia programu, andika saa na mahali, taja namba za gari, na kama gari la mwajiri lina kamera ya mbele mwombe mwajiri mwenyewe ndiye awasilishe picha polisi. Nimeona mashauri ambayo dereva wa Kiafrika alisikilizwa na kushinda dhidi ya mtu mwenye gari la thamani kubwa, kwa sababu alikuwa ametulia na maelezo yake yalikuwa ya mpangilio. Ambacho hana ni nafasi ya kuidai haki yake kwenye lami, kwa breki au kwa kidole. Huko hushindwa hata akiwa amedhulumiwa, na inaniuma kila ninapoliona likitokea.

Kuhusu ndugu yako, kwanza ajue kwamba Abu Dhabi si Dubai kwa upande wa mwendo. Dubai kamera huacha nafasi ya kilomita 20 juu ya mwendo ulioandikwa. Abu Dhabi waliiondoa nafasi hiyo mwaka 2018, na kilichoandikwa kwenye kibao ndicho kinachopimwa. Wengi wa waliozoea Dubai huvuna faini wakiingia huko, kisha huendesha kwa uchungu siku nzima. Vilevile asisikilize masimulizi ya zamani kwamba kwenye E311 upande wa Abu Dhabi ni lazima aende kilomita 120 akiwa njia za kushoto. Utaratibu huo ulianza 2023 na umeondolewa 2025.

Pili, kipilefti. Nairobi amezoea kutazama kulia na kumpisha anayetoka kulia. Abu Dhabi atazame kushoto, kwa sababu magari yanazunguka kinyume na ya kwetu, na aliye ndani ya kipilefti ndiye mwenye haki. Siku za mwanzo akae na dereva mwingine akiwa abiria, atazame macho ya dereva yanaelekea wapi kabla ya kuingia.

Tatu, amwombe mwajiri wake nusu saa ya kukaa ndani ya gari likiwa limeegeshwa. Afumbe macho, awashe indiketa ya kulia, aizime, awashe ya kushoto, aizime, mpaka mkono wa kulia uache kutafuta kijiti cha waipa. Kisha arekebishe kioo cha pembeni cha kushoto na cha kulia kwa kimo chake, na atafute swichi ya taa za hazadi ilipo, kwa kuwa kwenye magari ya huku ikitokea msongamano wa ghafla ndizo zinazomwonya aliye nyuma, naye hatakuwa na muda wa kuitafuta.

Na kama familia atakayoiendesha itamtaka aende kasi kuliko kibao, aulize mapema, kwa adabu na mbele ya mwenye nyumba, faini zitalipwa na nani. Jibu aliandike na tarehe yake.